Safari ya Ng'ambo na Maradhi Sugu ya Kibofu: Ushauri Upi Ufuatwe?

Mtu mwenye maradhi sugu ya kibofu akitangaza kwamba anasafiri kwenda ng'ambo, ushauri humiminika kutoka kila upande, na mwingi unapingana. Jamaa humwambia asiguse maji tangu usiku wa kuamkia safari. Muuza dawa humfungia dozi ya antibiotiki ya tahadhari. Wakala wa safari humwambia avae pampasi, mambo yaishe. Wazee wa familia humsihi abaki nyumbani. Na kama safari ni ya Hija, basi atafute mtu wa kumhijia. Daktari naye, akiwa na foleni ndefu mlangoni, huandika dawa ya kutuliza kibofu bila kuuliza mgonjwa anakwenda wapi, atakaa siku ngapi, na huko kuna joto la kiasi gani.

Kila mmoja wao ameshika kipande cha ukweli. Lakini ushauri unaomfaa mgonjwa mmoja unaweza kumlaza mwingine hospitalini katika nchi asiyoijua lugha yake. Makala haya yanaueleza mzizi wa mkanganyiko huo, yanazipitia hoja nne kuu zinazoshindana, kisha yanazipima. Msimamo wake ni huu: wagonjwa wengi wa kibofu wanaweza kusafiri salama, na wanaoumia safarini mara nyingi wameumizwa na njia waliyoitumia kuukimbia mkojo, hasa kujinyima maji na kunyamaza.

Maradhi mengi chini ya jina moja

Mkanganyiko unaanzia kwenye kuyaita maradhi tofauti kwa jina moja la "shida ya mkojo". Kibofu cha mtu mzima mwenye afya huanza kumpa taarifa kikiwa na mililita 150 hadi 250 hivi, na huweza kuhifadhi 400 hadi 600 bila taabu. Maradhi huuvuruga utaratibu huo kwa njia zisizofanana.

Wapo ambao kibofu chao hujikaza kabla hakijajaa. Haja huwajia ghafla, na wakichelewa kidogo mkojo huwatoka. Wapo wanaume, hasa waliovuka miaka 50, ambao tezi dume imetanuka na kuibana njia. Hawa shida yao ni kutoa: mkojo husuasua, kibofu hakimalizi kilichomo, na baada ya muda mfupi hurudi chooni. Wapo wanawake ambao UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, huwarudia mara kadhaa kwa mwaka. Wapo wenye kibofu chenye maumivu ingawa maabara haioni kijidudu chochote. Wengi wao huchokozwa na kahawa, chai kali, pilipili au juisi za matunda makali.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kundi lake pia. Kichocho cha njia ya mkojo kimezisumbua Unguja, Pemba na sehemu nyingi za pwani kwa vizazi. Aliyekaa nacho miaka mingi bila tiba huweza kubaki na kibofu kilichokakamaa na kupungua ukubwa, na hatari ya saratani ya kibofu humpanda. Waongeze wagonjwa wa kisukari, ambao sukari ikipanda mkojo huwa mwingi, waliojeruhiwa uti wa mgongo, na wanawake waliopata fistula wakati wa kujifungua.

Safarini tofauti hizi zina uzito mkubwa. Mwenye kibofu cha haraka anahitaji choo kilicho karibu. Mwenye tezi dume iliyotanuka anapaswa kuogopa zaidi mkojo kuziba kabisa. Mwenye UTI za kujirudia anahitaji maji ya kutosha, na mwenye kisukari anahitaji sukari yake iwe imetulia kabla hajapanda ndege. Dawa inayomtuliza wa kwanza inaweza kuufunga mkojo wa yule wa pili.

Safari inakifanya nini kibofu

Katika basi la masafa marefu abiria aliyebanwa humwomba dereva asimame watu wachimbe dawa. Ndege haina ruhusa hiyo. Kuna dakika za kupaa na kutua ambapo kila mtu amefungwa mkanda, kuna vipindi vya misukosuko ya hewa, kuna mikokoteni ya chakula inayoziba njia, na baada ya kutua kuna foleni ya uhamiaji ambayo haina choo katikati yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni zaidi ya saa 5 angani. Nairobi hadi London inakaribia saa 9, na safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua saa 14 au zaidi.

Mwili nao hubadilika. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, unyevu wake kwa kawaida ukiwa chini ya asilimia 20, hivyo koo hukauka na mtu hutafuta cha kunywa. Kinacholetwa mara nyingi ni kahawa, chai, soda, juisi au pombe. Kahawa, chai, soda za kola na pombe huongeza mkojo, na juisi kali huwachokoza wenye kibofu chenye maumivu.

Kukaa kwa saa nyingi huyashusha maji ya mwili miguuni. Msafiri akifika hotelini na kulala, maji hayo hurudi kwenye damu, figo huyachuja, na usiku wa kwanza hugeuka usiku wa kuamka mara nne au tano. Anayevuka majira ya saa ana mzigo wa ziada. Homoni inayopunguza mkojo wakati wa usingizi hufuata saa ya mwili, na saa hiyo haibadiliki siku moja. Anayekwenda Ghuba haguswi sana, kwa kuwa tofauti na Afrika Mashariki haizidi saa moja. Anayekwenda New York huvuka saa 7 au 8, na kwa siku kadhaa figo zake huendelea kutengeneza mkojo wa mchana katikati ya usiku wa huko. Baridi pia huongeza mkojo, jambo linalomshtua anayetoka Mombasa na kutua London mwezi Januari.

Mgonjwa asiyezijua sababu hizi hudhani ugonjwa wake umezidi ghafla, akaongeza dawa au akaacha maji. Ukweli ni kwamba mengi ya mabadiliko haya hupita yenyewe ndani ya siku chache.

Hoja ya kwanza: acha maji

Ushauri wa kuacha maji ndio wa zamani zaidi na ndio unaofuatwa na wengi. Nguvu yake ni kwamba hauna gharama na matokeo yake huonekana haraka: kisichoingia hakitoki. Kwa kiasi kidogo una maana. Kupunguza vinywaji saa 2 kabla ya kupanda ndege au kabla ya safari ndefu ya basi, na kuacha kahawa na chai siku hiyo, ni jambo ambalo madaktari wengi hulikubali.

Udhaifu wake huanza pale saa 2 zinapogeuka siku nzima. Mkojo uliokolea huchoma ukuta wa kibofu, na kibofu kilichochomwa huita haraka zaidi hata kikiwa na matone machache. Ukavu huleta choo kigumu, na utumbo uliojaa hukisukuma kibofu. Anayetumia dawa za tezi dume za kundi la tamsulosini, ambazo huweza kushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, huongeza hatari ya kizunguzungu na kuanguka.

Kwa wanawake wenye UTI za kujirudia ushahidi uko wazi zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia kwa miezi 12 wanawake 140 waliokuwa wakinywa chini ya lita 1.5 kwa siku. Nusu yao waliongezewa lita 1.5 za maji kila siku, nao wakapata wastani wa UTI 1.7 kwa mwaka, ilhali wenzao wasioongezewa walipata 3.2. Mwanamke wa kundi hili akijinyima maji kwa ajili ya safari anaukaribisha ugonjwa ule ule anaoukimbia.

Liko pia suala la damu kuganda miguuni. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo takriban mara mbili, sababu kubwa ikiwa kukaa bila kujongea. Anayejinyima maji ili asiinuke hujifunga kwenye kiti kwa hiari yake. Safari za chooni, zinazoonekana kero, humlazimisha msafiri kutembea.

Hoja ya pili: tegemea dawa

Hoja hii husema sayansi imeshatoa jibu, kilichobaki ni kumeza kidonge. Ni kweli zipo dawa zinazopunguza mikazo ya kibofu, dawa zinazolegeza njia iliyobanwa na tezi dume, na dawa zinazopunguza mkojo wa usiku. Kwa mgonjwa aliyezizoea nyumbani na kuyajua madhara yake, zinaweza kuwa tofauti kati ya kusafiri na kutosafiri.

Ila kila dawa ina bei yake. Dawa kongwe za kutuliza kibofu, kama oksibutinini, hukausha kinywa, hufunga choo na hupunguza jasho. Katika ofisi yenye kiyoyozi London, kupungua kwa jasho hakuonekani. Katika jua la Makka au Muscat, jasho ndiyo njia ya mwili kujipoza, na anayelikosa yuko karibu zaidi na kiharusi cha joto. Wazee huweza pia kuchanganyikiwa akili kwa dawa hizi. Mirabegroni, dawa mpya zaidi inayofanya kazi kwa njia nyingine, haina tatizo hilo la jasho, lakini huweza kupandisha shinikizo la damu na bei yake ni kubwa kwa wengi.

Desmopresini, inayopunguza mkojo wa usiku, inahitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Anayeimeza hutakiwa kubana sana vinywaji kuanzia saa 1 kabla hadi saa 8 baada yake. Akinywa maji mengi katika muda huo, chumvi ya sodiamu katika damu hushuka, na ikishuka sana huleta degedege na hata kifo. Waliovuka miaka 65 wako hatarini zaidi. Dawa inayokataza maji haichukuliani na nchi ya joto inayodai maji, na wala si ya kujaribiwa kwa mara ya kwanza ndani ya ndege.

Hatari nyingine hujificha katika dawa zisizo za kibofu. Vidonge vya mafua vinavyozibua pua, na vile vya mzio vinavyoleta usingizi, ambavyo wasafiri humeza ili walale angani, huweza kuuziba kabisa mkojo wa mwanamume mwenye tezi dume iliyotanuka. Kuziba huko huja na maumivu makali na huhitaji mpira wa mkojo mara moja.

Kuhusu antibiotiki za tahadhari, pande mbili zina hoja nzito. Wanaoziunga mkono husema mgonjwa anayezijua dalili zake, aliye mbali na daktari, akianza dozi mapema huikwepa homa na maambukizi ya figo. Wanaozipinga hutaja usugu wa vijidudu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2017 uliwafuata wasafiri wapatao 2,000. Zaidi ya theluthi moja ya wale waliokuwa safi kabla ya safari walirudi na vijidudu vya tumboni vinavyohimili antibiotiki muhimu. Kwa waliokwenda Asia ya Kusini, wakiwemo waliokwenda India, walikuwa robo tatu. Kutumia antibiotiki safarini kulikuwa moja ya mambo yaliyoongeza uwezekano huo. Kwa Waafrika Mashariki wanaokwenda India kutibiwa, taarifa hii inawahusu moja kwa moja. Dozi ya akiba inafaa tu pale daktari alipoichagua kwa kufuata majibu ya maabara ya mgonjwa mwenyewe, na akamwandikia dalili zipi zinaruhusu kuifungua.

Hoja ya tatu: tegemea vifaa

Pampasi za watu wazima, pedi za mkojo, chupa za kukojolea na mipira ya mkojo vina sifa moja ambayo dawa hazina: haviingii kwenye damu. Humpa msafiri utulivu wa akili, na hofu ikipungua haja ya ghafla nayo hupungua. Kwa mwenye fistula isiyopona au uti wa mgongo ulioumia, vifaa ndivyo msingi wa maisha yake na wala si suala la kujadiliwa.

Kwa wanaoshindwa kukimaliza kibofu, kujitolea mkojo wenyewe kwa mpira mwembamba mara kadhaa kwa siku ni njia iliyothibitishwa tangu mwaka 1972, daktari Jack Lapides wa Marekani alipoonyesha kwamba usafi wa kawaida wa mikono na kifaa unatosha. Ugunduzi huo uliwafungulia dunia watu waliokuwa wamefungwa majumbani. Mwenye mpira wa kudumu anaweza kuruka nao pia: puto linaloushikilia hujazwa maji, hivyo halitanuki kama hewa shinikizo la ndani ya ndege linapobadilika. Kinachohitajika ni mfuko wa mguuni uliomwagwa kabla ya kupanda, na mifuko ya akiba ndani ya begi la mkononi.

Udhaifu wa vifaa uko kwenye ngozi, wingi na aibu. Pampasi iliyolowa kwa saa nyingi katika joto huchubua ngozi na hukaribisha maambukizi. Vifaa vya wiki tatu hujaza sanduku, na sanduku likipotea mgonjwa hubaki mikono mitupu. Na anayeambiwa avae pampasi bila kuchunguzwa huenda anafunika ugonjwa unaotibika. Mwanamke mwenye fistula, kwa mfano, anaweza kufanyiwa upasuaji na kupona. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazofanya kazi hiyo.

Hoja ya nne: baki nyumbani

Hoja hii mara nyingi hutoka kwa wanaompenda mgonjwa, nayo isipuuzwe. Zipo hali ambazo kuahirisha ndiyo hekima: mkojo wenye damu usiochunguzwa, homa pamoja na maumivu ya ubavu, mkojo uliokuwa ukiziba siku za karibuni, au upasuaji wa kibofu au tezi dume ambao daktari hajautolea ruhusa ya kusafiri. Mwenye mojawapo ya hali hizi huipanda ndege pamoja na dharura yake.

Nje ya hapo, hoja ya kubaki ina gharama isiyohesabiwa. Maradhi sugu hayana tarehe ya kwisha. Anayesubiri kibofu kitulie kabisa anaweza kukosa harusi ya mwanawe Toronto, masomo, matibabu yenyewe, au Hija aliyoidundulizia maisha yake yote. Tena kujifungia huongeza woga, na woga ni mchochezi wa kibofu.

Hija, hoja zote zinapokutana

Hakuna safari inayozikutanisha hoja hizi kama Hija. Umati ni mkubwa, vyoo vya vituo vya ibada vya Mina, Arafa na Muzdalifa vina foleni, na basi la kilomita chache linaweza kuchukua saa kadhaa. Tawafu, yaani kuizunguka Kaaba, ina mizunguko 7, na Saayi, ya kwenda na kurudi kati ya vilima viwili, pekee ni mwendo wa kilomita 3 hivi. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilifika nyuzi 51.8, na Saudi Arabia ilitangaza vifo vya mahujaji 1,301, wengi wao wakiwa hawakusajiliwa rasmi na hivyo kukosa hema na vivuli. Katika mazingira hayo, kumshauri mzee wa miaka 70 aache maji ni kumwongoza kwenye hatari ya kifo ili kumwokoa na aibu.

Mahujaji wengi huacha maji kwa kuhofia udhu kutenguka. Hapa fiqhi ni pana kuliko wanavyodhani. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mtu ambaye mkojo haumkatiki huhesabiwa mwenye udhuru: hujisafisha, hufunga kizuizi, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, kisha husali bila kukawia, na kinachomtoka baada ya hapo hakiibatilishi sala yake. Wamaliki wana wepesi zaidi. Kusimama Arafa, nguzo kuu ya Hija, hakuna sharti la tohara. Tawafu ndiyo yenye sharti hilo kwa Washafi, na mwenye udhuru huifanya kwa tohara yake ya udhuru.

Wanaume hujiuliza pia kuhusu kuvaa pampasi ndani ya ihramu, vazi la Hija. Wanazuoni wengi wameiruhusu kwa haja, wakitofautiana iwapo ina fidia au haina. Fidia yenyewe, kwa wanaoiwajibisha, ni kufunga siku 3, kulisha maskini 6 au kuchinja kondoo. Swali hili liulizwe kwa sheikh kabla ya safari, maana Mina hakuna nafasi ya kulitafutia jibu. Ama kuhijiwa na mtu mwingine, hilo ni la aliyeshindwa kabisa kwa maradhi yasiyotarajiwa kupona. Kibofu cha haraka peke yake ni vigumu kumfikisha mtu hapo.

Sheria, bima na vyoo

Msafiri anaweza kuwa na mpango mzuri wa kitabibu akakwama forodhani. Umoja wa Falme za Kiarabu na Saudi Arabia hudhibiti kwa ukali dawa kama tramadoli, kodeini na pregabalini, ambazo baadhi ya wagonjwa wa maumivu ya kibofu hupewa. Anayezibeba hutakiwa kuomba kibali kabla ya kusafiri, na barua ya daktari pekee huenda isitoshe. Japani huruhusu kwa kawaida dawa za kuandikiwa za mwezi mmoja, na zaidi ya hapo hudai kibali, mbali na dawa ambazo imezipiga marufuku kabisa. Kinga iliyo rahisi ni kubeba dawa ndani ya paketi zake halisi pamoja na barua ya Kiingereza inayotaja ugonjwa, majina ya kisayansi ya dawa na vifaa vyote. Kikomo cha mililita 100 za vimiminika, kinachotumika katika viwanja vingi vya ndege tangu mwaka 2006, hakizihusu dawa zinazohitajika safarini, mradi zitangazwe kwenye ukaguzi.

Bima ni eneo ambalo wengi hudanganyika. Viza ya Schengen hudai bima ya angalau euro 30,000, na wasafiri hudhani kiasi hicho kinafunika kila kitu. Bima nyingi za safari huyatenga maradhi aliyokuwa nayo mtu kabla, isipokuwa yawe yametajwa na kukubaliwa. Uingereza, mgeni asiyestahili huduma ya bure anayelazwa katika hospitali ya umma anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama. Kuuficha ugonjwa ili bima iwe nafuu ni kuununua mkataba ambao siku ya haja hautalipa.

Vyoo navyo hutofautiana. Japani ni vingi na vya bure. Ujerumani, vya stesheni kubwa kwa kawaida hulipiwa, hivyo sarafu mfukoni ni sehemu ya matibabu. Marekani, vya umma mitaani ni vichache, lakini baadhi ya majimbo, kuanzia Illinois mwaka 2005, yana sheria inayoyataka maduka kuwaruhusu watu wenye maradhi fulani kutumia vyoo vya wafanyakazi. Katika viwanja vya Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2006 inawapa abiria wenye ulemavu au wasiojiweza msaada wa bure, ukiombwa saa 48 kabla. Utepe wa alizeti kwa ulemavu usioonekana, ulioanzia uwanja wa Gatwick mwaka 2016, sasa unatambulika katika viwanja vingi duniani.

Kuzipima hoja

Zikiwekwa kwenye mizani, hoja nne hizi hazilingani uzito. Kujinyima maji kuna faida ya saa chache na madhara ya siku nyingi. Kuachiwe matumizi yake finyu ya saa 2 kabla ya kupanda, kwa sharti kwamba maji ya siku nzima yanyweke kidogo kidogo katika saa nyingine. Dawa ni msaada mkubwa kwa aliyezijaribu nyumbani, na ni hatari kwa anayezianzia uwanja wa ndege au anayezipeleka kwenye joto bila kumwuliza daktari. Vifaa ndivyo vyenye madhara madogo zaidi, mradi visichukue nafasi ya uchunguzi. Kubaki nyumbani ni kwa wenye dalili za hatari na kwa muda wa kuzitibu.

Iko njia ya tano ambayo haina mtetezi mwenye sauti kwa sababu hakuna anayeiuza: mazoezi ya kibofu na ya misuli ya nyonga. Mgonjwa huongeza taratibu muda kati ya haja moja na nyingine, na hujifunza kukaza misuli haja inapomjia ghafla. Haina madhara kwa wengi wenye kibofu cha haraka. Udhaifu wake ni kwamba inadai wiki 6 hadi 12, na watu wengi huanza kufikiria kibofu wakati tiketi imeshakatwa.

Mzigo huu usiachiwe mgonjwa peke yake. Taasisi za Hija zinazowauliza wasafiri kuhusu chanjo na pasipoti zinaweza kuuliza pia kuhusu kibofu, kwa faragha, na kupanga hema na viti vya basi kwa kuzingatia majibu. Mawakala wanaweza kumtafutia mgonjwa kiti cha kando ya njia karibu na choo bila kusubiri aombe kwa aibu. Madaktari wanaweza kuongeza maswali matatu: wapi, muda gani, joto gani.

Kwa muhtasari

Maradhi sugu ya kibofu ni mengi, na ushauri mmoja hauwafai wote. Safari huongeza mkojo kwa sababu zinazoeleweka, nyingi zikiwa za kupita. Kuacha maji ndiyo njia dhaifu kuliko zote, na katika nchi za joto ndiyo ya hatari kuliko zote. Dawa zizoewe nyumbani, vifaa vigawanywe katika mabegi mawili, ugonjwa utajwe kwenye bima, vibali viombwe mapema, na masuala ya ibada yaulizwe kabla ya ihramu. Mwenye damu kwenye mkojo, homa au mkojo unaoziba atibiwe kwanza.

Wewe msomaji mwenye maradhi haya, au unayemtunza mwenye nayo, mwone daktari miezi 3 kabla ya safari, wala usingoje wiki ya mwisho. Mweleze kila kitu bila haya, kisha usafiri ukiwa umekunywa maji yako.